Mama Penina Ndahani na Kaya Sitini na Moja za Chihembe

Mama Penina Ndahani, Afisa Mipango Miji wetu, anastaafu tarehe 12 Septemba mwaka huu baada ya kuitumikia Dodoma miaka thelathini na minne. Hakukosa kazini hata wiki moja, ukiacha likizo tatu za uzazi, na hizo nazo alikuwa akizikatisha mwenyewe, anatokea ofisini na mtoto mgongoni kuuliza mchoro wa mahali fulani umefikia wapi.

Ofisi imeniomba mimi, Elieza Malogo, niandike wasifu wake, na imefanya jambo la maana. Wako vijana pale wenye shahada mbili mbili na wanaandika haraka kuliko ninavyosoma, lakini hakuna hata mmoja aliyekuwepo siku Mama Penina anaripoti. Mimi nilikuwepo. Mimi nimepanda bikoni, yale mawe ya zege ya mipaka ya viwanja, tangu mwaka 1981 hadi nilipostaafu 2019, na anayebisha aende na jembe akafukue, atazikuta zimesimama pale pale nilipoziacha. Darasa langu ni la nne. Joha wa masjala ndiye aliyenichapia, naye nimemwambia asibadili neno, maana akibadili nitajua.

Mama Penina alizaliwa Mvumi mwaka 1965. Mama yake alikuwa akifua mashuka ya wodini katika hospitali ya misheni, baba yake akilima uwele na karanga. Alisoma, akafaulu, akaenda Dar es Salaam kusomea mipango miji wakati ambapo wasichana wa kwetu waliosomea jambo hilo ungewahesabu kwa mkono mmoja na vidole vingebaki. Aprili 1991 akaripoti Dodoma. Akapewa meza, kiti chenye miguu mitatu na rundo la michoro.

Siku ya tatu akataka kuiona ardhi yenyewe iliyochorwa. Akaambiwa gari ni la wapimaji. Basi asubuhi tumeshapanga bikoni nyuma ya pikapu, saruji na sururu, tunamwona huyo anakuja na sketi yake mpya ya bluu. "Shikamoo kaka, sogea nikae." Nikamwambia dada, hapa si mahali pa maafisa. Akapandisha mguu, akakaa juu ya mfuko wa saruji, akasema, "Basi mimi si afisa mpaka tutakaporudi." Sketi ile haikurudi kuwa ya bluu tena.

Toka siku hiyo tukawa pamoja, mimi na mnyororo wangu wa kupimia, yeye na daftari lake. Alikuwa na tabia iliyonichosha. Kila anayepita anamsimamisha. Mwanamke ana ndoo kichwani, atamuuliza maji anachota wapi na kwa nini hapiti huku. Mzee anachunga mbuzi, atamuuliza mbuzi wanalala wapi na mvua ikinyesha wanapita wapi. Jua la Dodoma linatuchoma, mimi nimeshika ncha ya mnyororo nasubiri, yeye anauliza habari za mbuzi. Nikamwambia, Penina, mji unapimwa, hauhojiwi. Akanijibu, "Kwani mnyororo wako umewahi kumsalimia mtu, kaka Elieza?" Wenzangu wakacheka wiki nzima. Wakikutana na mimi wanausalimia mnyororo: "Mbukwa, mnyororo!"

Ndipo akaweka utaratibu wake, ambao sasa vijana wanaufanya wakidhani umekuja na kompyuta. Mchoro wowote uliopita mikononi mwake haukupata sahihi yake kabla hajakaa na wenyeji wa mahali hapo. Na kukaa kwenyewe si kule kwa wanaume mbele wanasema ndiyo ndiyo na kwenda nyumbani. Aliwakalisha wanawake mbele. Alisema ukikaa nyuma ya mkutano ndipo unasikia maneno ya kweli, kwa hiyo akaugeuza mkutano, wa nyuma wakawa mbele. Kule Ipagala mtaro ulihamishwa kwa sababu akina mama walimwonyesha watoto wa shule wanapokatiza. Kwingine mkutano ulichukua saa sita kugombania uwanja wa mpira uwe upande gani, mvua ikanyesha, hakuna aliyeondoka, na mwisho wakaafikiana. Ofisini wakampa jina, Mama Mikutano. Walidhani wanamtania. Leo nenda Soko la Majengo uliza Penina Ndahani, utaambiwa hawamjui. Uliza Mama Mikutano, utaletewa kiti.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo limenifanya nikubali kuandika, na ambalo hakuna mwingine angeweza kuliandika, kwa sababu mkosaji ni mimi. Nalisema leo kwa mara ya kwanza, hadharani, mbele ya wake zenu na watoto wenu.

Mwaka 2018 watu walikuwa wanamiminika Dodoma, viwanja vinatafutwa kama maji. Tukaletewa kazi ya kupanga eneo la Chihembe, kule nyuma, ukivuka korongo. Ilipigwa picha ya anga mwezi wa kwanza, ikachorwa mchoro juu ya picha hiyo: viwanja mia mbili na arobaini na barabara pana katikati, mistari imenyooka utafikiri imeshonwa na fundi cherehani. Kwenye mchoro pameandikwa ENEO WAZI. Kulikuwa na nyumba moja tu ya bati, duka la Mustapha, mtu wa Kolo, ambaye alikuwa mwenyekiti wa mtaa. Kwingine picha inaonyesha udongo mtupu na majani majani.

Ikatakiwa mtu aende akahakiki kwa macho kwamba ni wazi kweli. Nikatumwa mimi. Nani mwingine? Mimi ndiye niliyekuwa naijua Dodoma kuliko picha yoyote. Nikaenda. Mvua ilikuwa imenyesha, korongo lina tope mpaka magotini, dereva akasema gari halivuki. Nikasimama ng'ambo ya huku nikatazama ng'ambo ya kule. Nikaona ardhi, majani, na mbuzi mmoja amesimama juu ya kichuguu. Nikaandika kwenye fomu: "Nimehakiki. Eneo wazi." Nikatia sahihi, E. Malogo, sahihi yangu nzuri ile yenye mkia.

Wenyeji wa huku mmeshajua. Kile hakikuwa kichuguu. Lilikuwa paa la tembe.

Kwa mgeni asiyejua, tembe ni nyumba yetu ya Wagogo, fupi, ndefu kwa ubavu, paa lake limelala bapa na limefunikwa udongo. Mvua ikinyesha majani yanaota juu. Mbuzi anapanda kula. Ukiitazama kutoka angani ni udongo juu ya udongo, huoni nyumba. Picha haikuziona, na mashine ya picha nitaisamehe, haijawahi kulala ndani ya tembe. Mimi nimezaliwa ndani ya tembe! Nimelelewa humo, nimeanika karanga juu yake, nimechapwa kwa kucheza juu yake. Nikasimama nikayatazama matembe sitini na moja nikasema hakuna kitu. Ni kwa sababu nilikuwa nimeshajibu kabla sijatazama.

Na mjue lililokuwa linakuja. Mchoro ukishasainiwa, viwanja vinagawiwa. Mwenye barua ya kiwanja anakuja na mafundi wake, na anayekutwa pale anaitwa mvamizi. Mtu amezaliwa pale, amezika wazazi wake pale, anaambiwa wewe ni mvamizi, ondoka. Sahihi ya mkuu ilikuwa iwekwe Ijumaa. Na tayari ilikuwa Jumatatu.

Mama Penina akaniita mezani kwake, picha imetandazwa. Akaweka kidole. "Kaka Elieza, hizi nyuzi nyeupe ni nini?" Nikasema njia za miguu. "Zinakwenda wapi?" Nikasema zinakwenda uwanjani. "Mtu anapita kila siku mpaka ardhi imechubuka, uwanjani anafuata nini?" Nikasema mbuzi. Nilikuwa na jibu la kila kitu siku ile. Akanitazama, akakunja picha, akasema kesho tunakwenda kufanya mkutano Chihembe.

Mkuu wetu wa wakati ule alicheka mpaka akavua miwani. Jina lake silitaji, alishahama, na hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa haraka. "Mkutano na nani, Mama Penina, wakati ramani inasema hakuna mtu?" Akamjibu kwa adabu, "Na hao hao wasiokuwepo, bosi. Nikiwakosa nitarudi mapema." Ofisi nzima ikawa inasema Mama Mikutano leo anakwenda kuhutubia vichaka, na mimi, kwa aibu yangu, nikasema kwa sauti kubwa kuliko wote.

Jumanne tukavuka korongo kwa miguu, viatu mkononi. Mustapha alikuwa ametangaza tangu alfajiri kwa kipaza sauti cha dukani kwake. Tunatokea upande wa pili, jamani, watu! Mia mbili na zaidi, wameketi chini wanatungoja, akina mama mbele, maana sifa za mikutano ya Mama Penina zilishafika kabla yake. "Mbukwenyi!" akasalimia, wakaitikia mpaka mbuzi wakashtuka. Mimi nikatafuta mahali pa kusimama nyuma ya mkuyu.

Akatandaza picha chini, kubwa kama mkeka wa kuanikia, akaweka mawe kwenye pembe. Hakuhutubia. Akasema tu, jamani nionyesheni maji mnachota wapi. Akasimama Bibi Yudith, bibi mfupi mwenye fimbo, wa umri ambao mwenyewe alikuwa anaubadilisha kila akiulizwa. Akavua kandambili ili asiikanyage picha na uchafu, akaingia katikati. Fimbo yake ikawa inatembea: hapa ndipo mkuyu huu, hili korongo, hapa mchangani tunachimba maji, hii njia ya kwenda dukani kwa Mustapha. Kisha fimbo ikasimama.

"Sasa mwanangu, mimi nyumba yangu iko wapi?"

Watu wakainuka mmoja mmoja kuchungulia. Hakuna nyumba.

Bibi akainama, pua karibu na karatasi. Halafu akaanza kucheka. "Hii! Hii hapa! Ona hili doa jekundu! Si udongo wa kichuguu niliozibia paa juzi lilipovuja?" Akakaa chini hapo hapo juu ya doa lake kama mtu aliyefika nyumbani. Ikawa vurugu. Kila mtu anapiga magoti anatafuta paa lake. "Langu hili, ona majani yaliyoungua!" "Toa kichwa chako, umekalia kwangu!" "Hilo si lako, lako lina shimo!" "Shimo nimeshaziba!" Mama Penina naye kapiga magoti kati yao na kalamu, anaandika majina, kitambaa cha kichwa kimemvuka, anacheka na machozi. Nimefanya kazi miaka thelathini na minane, sijaona siku ya kazi kama ile.

Ndipo Bibi Yudith akauliza, bado kakaa. "Na nani huyo aliyeandika kwamba sisi hatupo?"

Fomu yangu ilikuwa ndani ya faili, chini ya kwapa la Mama Penina. Sahihi yenye mkia. Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja kustaafu. Angenyoosha kidole tu kuelekea kwenye mkuyu, nisingekuwa tena na heshima yoyote kwa wale watu. Akasema, "Ni ofisi iliyoandika, Bibi. Na ofisi ndiyo sisi tuliokuja, tunaomba mtusahihishe." Hakugeuka hata kunitazama.

Tukarudi jioni na majina sitini na moja. Mkuu akayasoma, akasema doa jekundu si nyumba, mimi nisaini kwa ushahidi wa madoa? Picha ni picha. Mama Penina akamuuliza, kwa hiyo picha ikionyesha, utakubali? Akasema ikionyesha nitakubali. Hapo akawa ameshaingia mtegoni mwenyewe.

Kulikuwa na wanafunzi wa chuo kikuu waliokuwa na droni, ile ndege ndogo ya kupiga picha, wanaifanyia mazoezi. Akawaomba waje Alhamisi saa nne asubuhi. Na Chihembe akapeleka ujumbe kwa Mustapha: kila kaya ipande juu ya paa itandaze kitu chenye rangi, chochote, na asiondoe mtu mpaka ndege ipite. Mustapha alitangaza hadi betri ikaisha, akaendelea kwa mdomo.

Alhamisi nilikuwa pale. Safari hii nilivuka korongo. Saa nne kamili yule mdudu akapanda juu anavuma, na nikawaona akina mama juu ya mapaa kila upande, wanatandaza kanga, mashuka, mapazia, magunia ya viazi. Mmoja alitandaza gauni lake la harusi, akakaa pembeni kulilinda na mbuzi. Mwingine hakuwa na cha rangi, akamwaga uwele wake wote, mweupe, paa zima. Bibi Yudith alipandishwa na wajukuu, akagoma kushuka, akasema ndege inipige na mimi humo humo. Watoto wanapiga makofi, wazee wanaipungia ndege fimbo. Nilipiga kelele hata mimi. Sijui nilikuwa nasema nini.

Picha ikaja. Pale palipoandikwa ENEO WAZI pamechanua utafikiri bustani. Mkuu akahesabu kwa ncha ya kalamu. Akahesabu tena. "Mbona sitini na mbili?" Tukaona ni Mustapha, ambaye duka lake la bati lilikuwa kwenye ramani tangu mwanzo. Naye alitandaza shuka. Alipoulizwa akasema, "Nyinyi watu wa ofisi siwaamini, msije mkanisahau na mimi." Mkuu akacheka, na Ijumaa mchoro haukusainiwa.

Ukachorwa upya, na safari hii ukachorwa Chihembe, chini, kwa miezi mitatu. Barabara iliyonyooka ikapinda kufuata njia ya miguu, na bado ni pana. Pakaachwa njia ya mifugo, kisima na makaburi. Wanaume walitaka zahanati iwe karibu na lami, wanawake wakasema mwenye uchungu wa kuzaa hatembei mpaka kwenye lami, ikawekwa katikati. Kwanza kaya zote sitini na moja zikapata viwanja vyao pale pale zilipo, halafu ndiyo wageni wakapangiwa, na nafasi ikatosha. Leo wote wana hati. Matembe mengi yamekuwa ya bati. La Bibi Yudith bado ni tembe, anasema bati lina kelele.

Na mimi? Mama Penina alinipa adhabu moja. Aliniambia, kaka Elieza, hayo majina unahakiki wewe. Nikapita mlango kwa mlango, kaya sitini na moja, kote shikamoo na marahaba, kote nakaribishwa mlenda na kuulizwa ofisi haijambo. Nilichukua siku tisa. Hakuna afisa yeyote, mwenye shahada ngapi sijui, aliyewahi kuhakiki eneo kama nilivyolihakiki mimi Chihembe, na hilo naliandika bila kuona haya.

Ile fomu sikuiulizia kamwe. Nilidhani aliichana. Wiki iliyopita alikuwa anasafisha meza yake, akaniita, akanipa bahasha. Ndiyo hiyo. "Nimehakiki. Eneo wazi. E. Malogo." Chini yake, kwa kalamu ya bluu, tarehe ya mwaka ule ule: "Amerudi. Ameingia nyumba zote sitini na moja kwa miguu. P. Ndahani." Ilikuwa kwenye droo yake miaka saba. Nimeitundika sebuleni, mke wangu anaona haya, mimi sioni.

Mama Penina, kwa niaba ya masjala, wapimaji, madereva, na watu wote ambao ramani ingesema hawapo, ahsante. Chihembe wamenituma niseme kwamba siku ya sherehe saa nne watakuwa juu ya mapaa, na ndege imeshaombwa. Uende Mvumi kwa amani, ulime uwele wako, ulee wajukuu, na miaka iliyobaki iwe mirefu na ya furaha kuliko hii tuliyokusumbua. Nyumba yako mpya ya kule Mvumi ikikamilika, tandaza kanga juu ya paa. Nitakuja kuhakiki mwenyewe, na safari hii nitavuka.

Elieza Malogo
Mpima msaidizi mstaafu